Kununua, kukodi au kuazima? Maneno yanayowakosesha usingizi wakutubi wa filamu

NENO "maktaba" lilitufikia kutoka Kiarabu. Mzizi wake ndio huohuo uliozaa "kitabu" na "katibu", na maana yake ya asili inahusu kuandika. "Mkutubi" naye ni mtu wa vitabu, kwa jina na kwa kazi. Kwa hivyo tunapotamka "mkutubi wa filamu" tunaweka pamoja vitu viwili ambavyo waliotuachia maneno hayo hawakuvifikiria kamwe kuwa vitakaa chumba kimoja. Hata hivyo, wakutubi wa aina hiyo wapo, na kila mwaka hukutana katika makongamano kujadili kazi yao.

Makala haya yanachungulia ndani ya vikao hivyo kwa sababu moja ya kiisimu: sehemu kubwa ya kinachobishaniwa humo ni maana za maneno. Tena si maneno magumu, la. Ni maneno ambayo mtoto wa darasa la tatu anayajua: kununua, kutazama, kuchakaa, milele.

Nitachukua mfano wa Marekani kwa kuwa huko vikao hivi vina historia ndefu. American Library Association, chama cha wakutubi kilichoasisiwa mwaka 1876, kina vikundi vidogo vya wanachama kulingana na kazi zao. Kimoja kati ya hivyo kiliitwa kwa miaka mingi Video Round Table. Baadaye kikabadili jina, kikawa Film and Media Round Table. Badiliko hilo si la mapambo. "Video" lilikuwa limekwisha kufungamana na chombo, yaani ile kanda nyeusi ya VHS, na kanda ilipotoka madukani jina likabaki la kizamani. Sisi wenyewe hatujapona ugonjwa huo. Magazeti yetu, hili likiwemo, bado huandika "kanda ya video iliyosambaa mitandaoni" kuhusu kitu ambacho hakina ukanda wala utepe wa aina yoyote.

Msomaji asidhani kwamba vikao hivi vina mbwembwe za tuzo za filamu. Ni chumba cha kawaida katika jumba kubwa la mikutano. Mbele ameketi mkutubi wa chuo kikuu, mwanasheria wa hakimiliki na pengine msambazaji wa filamu, nao walio kwenye viti wanauliza maswali ya mtu aliyeachwa na bajeti ndogo na wasomaji wengi. Upo pia mkusanyiko uitwao National Media Market, ambako wasambazaji huja na filamu zao, hasa za kielimu na za matukio halisi, nao wakutubi huketi kuzitazama na kuulizia bei. Ni soko kwa maana halisi ya neno soko. Kabla ya hayo yote palikuwa na Educational Film Library Association, iliyoundwa mwaka 1943, enzi ambapo maktaba ziliazimisha filamu za milimita 16 zilizoviringwa kwenye magurudumu na kubebwa pamoja na projekta.

Haya basi, tuanze na neno "kununua".

Ukinunua riwaya katika duka la vitabu jijini Nairobi, ukaisoma, ukamwazima jirani, kisha ukaiuza kwa wachuuzi wa vitabu vikuukuu barabarani, hakuna atakayekushika shati. Kitabu ni chako. Kwa Wamarekani, kanuni hii iliwekwa wazi na Mahakama ya Juu mwaka 1908. Mchapishaji mmoja alikuwa amechapa ndani ya riwaya onyo kwamba isiuzwe chini ya dola moja, nao wenye duka la Macy's wakaiuza kwa senti 89. Mahakama ikaamua kwamba mchapishaji akishauza nakala, hana tena mamlaka ya kumwamrisha mnunuzi aiuze kwa bei gani. Baadaye kanuni hiyo iliingizwa katika sheria ya hakimiliki, na leo inapatikana katika kifungu cha 109. Ndiyo inayoiruhusu maktaba kununua DVD dukani na kuiazimisha bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa ondoa DVD, weka filamu inayotazamwa kupitia intaneti. Maktaba inalipa, pengine mara nyingi zaidi ya bei ya DVD ileile, lakini haipokei nakala yoyote mkononi. Inachopokea ni leseni: ruhusa ya kuwaonyesha wasomaji wake filamu hiyo kwa mwaka mmoja, au mitatu. Muda ukiisha, ama ilipe tena ama filamu itoweke. Hata hivyo, katika ripoti za maktaba na katika mazungumzo ya kila siku watu waliendelea kusema kwamba maktaba "imenunua" filamu hiyo. Katika vikao ninavyovizungumzia, wakutubi wamekuwa wakionyana kuhusu neno hilo, kwa sababu anayeidhinisha bajeti akisikia "tumenunua" mwaka huu, atashangaa mwakani akiombwa pesa za filamu zilezile.

Hapa Kiswahili kinaweza kutusaidia kuliko tunavyodhani. Lugha yetu inatenganisha mambo ambayo lugha nyingine huyachanganya. Kuazima ni kuchukua kitu na kurudisha kilekile: jembe, sufuria, kitabu. Kukopa ni kuchukua kitu kitakachotumika kikaisha, kisha ukarudisha mfano au thamani yake: pesa, unga, sukari. Ukimwambia jirani "niazime kikombe cha sukari" atakuelewa, lakini hatarajii umrudishie chembe zilezile. Kukodi ni kulipa ili utumie kitu cha mwenyewe kwa muda: baiskeli, gari, viti vya arusi. Nyumba tunaipanga. Ukilipima suala la filamu za intaneti kwa mizani hiyo, jibu halihitaji mwanasheria. Maktaba haijanunua. Imekodi, na inachofanya ni kuwaazima wasomaji kitu cha kukodi. Naona mkutubi wa Kenya anayeandika ripoti yake kwa Kiswahili angekuwa amejieleza vizuri zaidi kwa kitenzi hicho kimoja kuliko kwa aya nzima ya ufafanuzi.

Kuna hali mbaya zaidi ya kukodi. Netflix huingia mkataba na mtu binafsi, si na maktaba, na kazi zake kadhaa hazikuwahi kutolewa kwa DVD. Maktaba haiwezi kuzinunua wala kuzikodi. Kampuni hiyo huruhusu baadhi ya filamu zake za matukio halisi zionyeshwe darasani kwa masharti, lakini ruhusa ya kuonyesha mara moja haijazi rafu ya maktaba. Mwezi Septemba 2023 ilifunga hata ile huduma yake ya kuwatumia wateja DVD kwa posta, huduma ambayo ndiyo iliyoianzisha.

Neno la pili ni "kutazama". Kanopy, kampuni iliyoanzia Australia mwaka 2008, ilileta mpango uliowavutia wakutubi wengi wa vyuo. Maktaba ingefungulia wasomaji wake maelfu ya filamu bila kulipa kitu mwanzoni, na ingelipia tu zile zilizotazamwa. Nani angekataa? Lakini mkataba ulipaswa kueleza kutazama ni nini. Katika mpango uliotumiwa na vyuo vingi, filamu ilihesabiwa kuwa imetazamwa ikichezwa kwa sekunde 30. Ikitazamwa hivyo mara nne, maktaba ilijikuta imepata leseni ya mwaka mmoja kwa takriban dola 150. Ebu fikiria: katika sekunde 30 filamu nyingi hazijamaliza kuonyesha majina ya waliozitengeneza. Wanafunzi wanne wakibofya, wakaona si filamu waliyotaka, wakafunga, deni limeshaingia.

Kwa maktaba za umma hesabu ilikuwa ya namna nyingine, lakini ilielekea kulekule: kadiri wasomaji walivyopenda huduma, ndivyo ilivyowashinda waliokuwa wakiilipia. Mnamo Julai 1, 2019 mitandao mitatu ya maktaba za umma jijini New York, yaani ya New York, ya Brooklyn na ya Queens, iliacha kutoa huduma ya Kanopy kwa sababu ya gharama. Wasomaji walilalamika sana. Wengi wao, nadhani, walikuwa wakiamini kwamba filamu zile zilikuwa mali ya maktaba. Neno "kutazama" lilikuwa limepewa bei, na bei hiyo haikuwa na kikomo.

"Milele" nalo lina kisa chake. Baadhi ya wasambazaji huuza leseni isiyo na mwisho: chuo kinapewa faili ya filamu, kinaiweka kwenye kompyuta zake na kuwaonyesha wanafunzi miaka nenda miaka rudi. Ni mpango mzuri, na wakutubi wengi huupendelea. Lakini katika mikataba mingine, mahali pa "milele" huandikwa kwamba leseni itadumu kwa uhai wa faili. Uhai wa faili! Faili huishi miaka mingapi? Ikihamishiwa katika muundo mpya kwa sababu ule wa zamani hausomeki tena, je, ni faili ileile ama ile ya kwanza imekwisha kufa na leseni ikafa nayo? Mtaalamu wa semantiki angefurahia swali hilo. Kwa mkutubi si la kufurahisha, kwani jibu lake linaamua kama pesa alizotumia zimepotea.

Nalikawilia neno "kuchakaa" kwa sababu ndilo linalonivutia zaidi kama mwanalugha. Maktaba nyingi za Marekani bado zina kanda za VHS, teknolojia iliyozinduliwa na kampuni ya JVC nchini Japan mwaka 1976. Baadhi ya filamu zilizomo hazikuwahi kutolewa kwa DVD, sembuse kuwekwa kwenye intaneti. Utepe wa kanda hubeba chembe za sumaku zilizoshikwa kwa gundi. Gundi hiyo hulegea kadiri miaka inavyopita, na kila mara kanda inapochezwa, picha hupungua ubora. Je, maktaba inaruhusiwa kutoa nakala ya kidijitali kabla haijachelewa?

Kifungu cha 108 cha sheria ya hakimiliki ya Marekani kinairuhusu maktaba kutoa hadi nakala tatu ikiwa ile iliyo nayo imeharibika, inachakaa, imepotea au imeibwa, ama ikiwa chombo chake kimepitwa na wakati, mradi maktaba imejitahidi kutafuta nakala nyingine mpya kwa bei ya haki na haikuipata. Nakala ya kidijitali haitatoka nje ya majengo ya maktaba. Tazama njeo za vitenzi hivyo. Kuharibika kumeelezwa kama jambo lililokwisha kutokea, lakini kuchakaa kumeelezwa kama jambo linaloendelea. Kwa Kiswahili tungesema tofauti ni kati ya "iliyochakaa" na "inayochakaa", yaani kati ya -li- na -na-. Wapo wakutubi walioishikilia njeo hiyo kama mtu anayezama anavyoshikilia gogo. Hoja yao ilikuwa kwamba kila kanda ya VHS inachakaa sasa hivi, hata kama inaonyesha picha safi, kwa kuwa ndivyo ilivyo maumbile ya kanda. Hivyo hawana haja ya kungoja iharibike. New York University na washirika wake walitoa mwongozo mwaka 2012 kuhusu namna maktaba za utafiti zinavyoweza kukitumia kifungu hicho kwa kanda zinazouzwa kibiashara, na mwongozo huo ukawa chakula cha vikao vingi.

Sheria hiyohiyo inafafanua "kupitwa na wakati": ni pale mashine inayohitajika haitengenezwi tena, au haipatikani kwa urahisi unaofaa madukani. Hii ndiyo sababu habari ndogo iliyotoka Japan mwezi Julai 2016 iliwagusa wakutubi kuliko watu wengine. Kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, ilitangaza kwamba inaacha. Kwa wengi ilikuwa habari ya kukumbushana utotoni. Kwa mkutubi ilikuwa ushahidi kwamba neno la kisheria limetimia. DVD bado haijafika huko, maana mashine zake zingali zinatengenezwa.

Sitalikalia sana neno "hadhara", ingawa nalo lina kesi yake. Mwezi Desemba 2010 chama kimoja cha wasambazaji na kampuni iliyouza michezo ya Shakespeare iliyorekodiwa na BBC walikishtaki chuo kikuu cha UCLA kwa kuigeuza DVD kuwa faili na kuwaonyesha wanafunzi kupitia mtandao wa chuo. Je, mwanafunzi aliye peke yake chumbani akitazama kwa nywila yake, hayo ni maonyesho ya hadhara? Kesi ilitupwa mwaka 2011, ikarejeshwa, ikatupwa kabisa mwaka 2012, lakini swali lenyewe halikupata jibu la kuwaridhisha wote. Bado linaulizwa vikaoni.

Yote haya yanatuhusu vipi? Nairobi si mgeni wa makongamano ya wakutubi: shirikisho lao la kimataifa, IFLA, lilifanya mkutano wake mkuu hapa mwaka 1984. Ila wakati huo maktaba ilikuwa nyumba ya karatasi. Leo mhadhiri wa Kiswahili anayetaka kuchunguza mazungumzo katika filamu za Kenya anategemea kazi zinazopatikana kwa leseni za muda. Mwanafunzi wa uzamifu huchukua miaka minne, mitano, wengine saba. Leseni ya miaka mitatu itaisha kabla hajaitetea tasnifu yake, na mtahini atakayetaka kuhakiki mfano alioutaja katika sura ya nne hataiona filamu yenyewe. Kitabu cha riwaya kingekuwa palepale kwenye rafu. Ndiyo maana nasema mkutubi na mwanaisimu wana ugomvi mmoja katika suala hili, hata kama hawajawahi kuketi meza moja.

Istilahi nazo zinatudai. Kuonyesha filamu kupitia intaneti tunakuitaje? Wapo wanaosema "kutiririsha", kutokana na kutiririka kwa maji. Wengine husema "kupeperusha", neno ambalo vyombo vyetu vya habari vimelizoesha kwa matangazo ya redio na televisheni. Vijana wao husema "kustrimu", mambo yakaisha. Mimi naegemea "kutiririsha". Kinachopeperushwa huwafikia wote kwa wakati mmoja, watake wasitake, ilhali filamu ya maktaba hutiririka anapoifungulia mtu mmoja, kama mfereji wa maji. Tena mfereji una mita, na kila mtu anajua mita ni ya nani.

Nimalizie na katalogi, eneo ambalo watu hulidharau lakini ndiko filamu hupotelea. Nchini Marekani wanaoandaa katalogi za filamu wana chama chao, OLAC, kilichoundwa mwaka 1980, na mikutano yake huingia katika mambo madogo madogo ambayo mgeni angeyaona ni ya kuchosha. Katika muundo wa MARC unaotumiwa na maktaba nyingi duniani, sehemu ya 041 hutaja kwa herufi tatutatu lugha zinazosikika katika filamu, na mahali pengine katika sehemu hiyohiyo hutajwa lugha za manukuu yanayoandikwa chini ya picha. Kiswahili ni "swa", Kikuyu ni "kik", Kiingereza ni "eng". Ukitaka filamu inayosemwa kwa Kiswahili badala ya ile iliyotafsiriwa tu kwa maandishi ya Kiswahili, hapo ndipo utakapoipata, ikiwa aliyeiandikisha alijali.

Chukua Nairobi Half Life ya mwaka 2012. Mhusika wake anatoka kijijini kwenda jijini, na lugha inabadilika kadiri anavyobadilisha mazingira: Kikuyu, Kiswahili, Sheng, Kiingereza. Mkutubi aliye mbali akiandika "swa" pekee, ameficha nusu ya kinachoifanya filamu hiyo istahili kusomwa na mwanaisimujamii. Sheng aiweke wapi? Njia iliyo wazi ni sehemu ya 546, inayoruhusu maelezo huru kuhusu lugha. Lakini maelezo hayo sharti yaandikwe na mtu aliyesikia na kutambua kwamba kile si Kiswahili kilichokosewa.

Kisha kuna kazi za DJ Afro. Kwa miaka mingi Wakenya wametazama filamu za kigeni huku yeye akizisimulia juu ya sauti asilia kwa Kiswahili cha mitaani, akiwapa wahusika majina na maneno ambayo watunzi wa filamu hizo hawakuyawazia. Tuache mambo ya hakimiliki kwa leo. Siku mtafiti atakapotaka kuhifadhi mojawapo ya nakala hizo katika maktaba ya chuo, atalazimika kuamua: lugha ya filamu ni ile ya waigizaji au ya msimulizi? DJ Afro ni mfasiri, mtangazaji au mtunzi wa pili? Mimi ningeandika lugha zote mbili katika 041, nikamtaja yeye kuwa msimulizi, na katika 546 nikaeleza kwa sentensi moja kwamba usimulizi wake haufuati maneno ya waigizaji.